Miguu Iliyotoweka Nikifumba Macho

Naitwa Zefania, na sijawahi kukaa mahali hata nikajua jina la mbwa wa jirani. Shule niliiacha mapema. Haikuwa kwa uzito wa kichwa, ni kwamba dirisha la darasa lilitazama barabara. Tangu hapo nimebeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Meru, nimechuma kahawa za watu, nimechekecha mchanga kwenye machimbo, nimetandaza viatu vya mitumba chini karibu na uwanja wa mpira. Kazi zote hizo zilitaka kitu kimoja, miguu. Miguu ndiyo ilikuwa shamba langu na cheti changu.

Kitu kingine nilichokuwa nacho ni hamu ya kujua. Nilisoma chochote chenye maandishi: gazeti lililofungiwa maandazi, maelezo ya dawa ya mbu, hata kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa ambacho kila mtu hukitupa. Nataka mjue hivyo ili msishangae mbele.

Wakati huo nilipanga chumba Kaloleni, mtaa wa mjini. Nilikuwa na kiungulia cha tangu siku za kubeba mizigo mlimani, na kwenye duka la dawa walinipa vidonge vya kupunguza asidi tumboni. Vikiisha nilirudi kuchukua vingine. Miaka ilipita hivyo, bila mtu kuniambia niache na bila mimi kuuliza. Chakula changu kilikuwa chai ya rangi na chapati, ndizi za kuchoma, chipsi. Nyama na mayai yalinikaa vibaya, maziwa ndiyo kabisa. Nilijiona mzima.

Asubuhi moja nikatoka chumbani nikaona matone ya damu kwenye korido ya nyumba ya wapangaji. Yalikuwa mabichi. Nikayafuata, maana nilitaka kujua nani ameumia. Yalienda mpaka bombani, yakazunguka kamba za nguo, yakapita mlango wa choo, yakarudi kwenye korido. Mwenzangu mmoja wa nyumba ile alikuwa anafua. Akaniuliza, "Zefa, unatafuta nini unazunguka hivyo?"

"Kuna mtu ameumia. Nafuata damu yake."

Akanitazama, kisha akatazama chini. "Damu yake mbona inatoka kwako?"

Nikainua mguu. Kipande cha chupa kilikuwa kimezama kisiginoni. Nilikuwa nimekwenda kunawa uso, nimerudi, nimetoka tena, na sikusikia kitu. Nikakivuta kwa vidole, nikasubiri maumivu kama unavyosubiri sauti yako irudi kutoka bondeni. Hayakuja.

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Nyayo zikawa kama zimevishwa soksi nene hata nikiwa peku. Ardhi ikawa laini, nikikanyaga saruji nahisi sponji. Nilikuwa natembea mjini nikaitwa nyuma, "Kaka, ndala yako hii," kumbe nimeiacha hatua nyingi na mguu hauna habari. Nikiinamisha shingo kufunga kamba za viatu, umeme ulishuka mgongoni mpaka mapajani. Ulimi ukawa laini na mwekundu, chai ya moto inauchoma. Nikipanda ngazi moyo unadunda kama nimekimbia. Nikafunga mzigo wangu, nikapanda kwa dada yangu Naomi.

Naomi anakaa juu ya Makumira, kwenye migomba ya mumewe, ambaye ni dereva wa masafa marefu na huonekana nyumbani kama mgeni. Wakati ule dada alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Aliponiona mlangoni hakusalimia.

"Mbona umeparara hivi? Umekuwa kama ndizi iliyomenywa jana."

"Uzee, dada."

"Uzee gani, na mimi niliyekutangulia bado nazaa?"

Akaingia ndani akatoka na vidonge vyekundu alivyopewa kliniki ya wajawazito. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Dawa iliyomsaidia mmoja ndani ya nyumba ni ya nyumba nzima. Nikamwambia hivi si vya wanaume. "Vinaongeza damu," akasema. "Havijui kama aliyevimeza ana mimba au ana ndevu."

Nikasoma kikaratasi. Madini ya chuma na asidi ya foliki. Nikavimeza, na vya dada vilipopungua nikanunua vyangu.

Vilifanya kazi. Hapo ndipo palipo na hatari, na ndiyo sababu naandika. Uso ukarudisha rangi, ulimi ukapona, nikapanda kilima bila kuhema. Zahanati wakanipima wakasema, "Damu yako iko vizuri kabisa." Majirani wakaniambia nimependeza. Na huku napendeza, miguu ilikuwa inazidi kuondoka. Ganzi ilivuka vifundo, ikapanda magotini, ikaanza kushika mapaja. Juu nilikuwa nafufuka, chini nilikuwa nazikwa taratibu.

Siku moja ukungu ulishuka asubuhi ukajaa kwenye migomba. Naomi alinituma nikakate mkungu. Nilikuwa nimeshazoea kutembea nikitazama miguu yangu, maana nisipoitazama sikujua iko wapi. Katikati ya shamba ukungu ukanifika magotini. Nikatazama chini, miguu haikuwepo. Si kwamba sikuiona tu. Haikuwepo kabisa, kama vile nimekatwa pale ukungu ulipoanzia na kuwekwa juu ya kitu kisichosimama. Kisha nikamsikia mtu anakanyaga majani makavu karibu sana na mimi, hatua moja, ya pili, nikaita, "Nani?" Hatua zikaendelea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba aliyekuwa anatembea ni mimi.

Naomi alinikuta nimekaa ndani ya mfereji wa kumwagilia.

"Unafanya nini humo?"

"Nimepumzika."

"Ndani ya maji?"

Nikaweka mkono. Maji yalikuwa yananipita kiunoni, maji ya mlimani, ya kukata meno. Nilikuwa nimeyahisi tumboni tu.

Dada alikaa ukingoni akalia kimya. Mimi sikuogopa kufa, nawaambia kweli. Niliogopa kukaa. Nilijiona kwenye kiti cha plastiki barazani, miaka mingi, nikiwatazama watu wanapita kwenda sehemu nisizozijua.

Juma lile ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa zamu ya Naomi. Watu wakajaa sebuleni. Mwinjilisti wetu ni mzee mpole, mkulima wa kahawa, sauti yake nzito kuliko mwili wake. Baada ya neno akasema, "Tusimame, tufumbe macho, tuombe."

Nikafumba macho, nikaanguka. Nilianguka chali, nikapiga meza, chupa za chai zikaenda chini. Wakanisimamisha wakasema ni udhaifu. Wakaanza tena, nikafumba macho, nikaanguka tena. Mara hii hakuna aliyesema udhaifu. Niliwasikia wanarudi nyuma kidogo, viti vinaburuzwa.

"Hilo pepo linasubiri tuanze kuomba," mama mmoja akanong'ona.

Wakanikalisha chini, wakaniambia ninyooshe mikono mbele. Waliomba kwa nguvu. Nikiwa nimefumba macho nilijua mikono yangu imetulia. Nilipofumbua, Naomi alikuwa amekaa mbele yangu, amefumbua na yeye, anatazama vidole vyangu. Vilikuwa vinacheza, kimoja kimoja, vikiinuka na kushuka polepole kama mtu anayepiga kinanda ndani ya maji. Sikuvituma. Nilipovitazama vikaacha.

"Zefa," akaniuliza chini chini, "vidole vyako vinamwita nani?"

Nikaificha mikono kwapani. Nywele zilinisimama mpaka shingoni, na miguuni sikusikia kitu.

Ikapangwa nifunge na kuombewa. Nilifunga kwa maji matupu, nikatoka nimelegea zaidi, sasa natembea kwa fimbo mbili. Kila maombi, macho yakifumbwa, nakwenda chini. Watoto wa dada wakazuiwa kukaa karibu na mimi. Naomi mwenyewe, aliyenibeba mgongoni tukiwa wadogo, alianza kuniwekea chakula mezani na kuondoka haraka.

Mwishowe hamu ya kujua ndiyo iliyonitoa. Nilikuwa jikoni, jua limewaka nje, Naomi anakoroga mtori wa ndizi. Nikajiuliza, hiki kitu kinanisubiri niombe, au kinasubiri nini hasa? Nikasimama katikati, nikaunganisha miguu, nikafumba macho bila kuomba chochote. Nikaanguka juu ya gunia la maranda. Nikainuka. Nikafumba tena, sasa nikiimba wimbo wa kilabu cha pombe, ule mchafu. Nikaanguka vilevile. Nikainuka, nikasali Baba Yetu kwa sauti mpaka amina, macho wazi yakiangalia vidole vya miguu. Niliyumba kidogo, sikuanguka.

Naomi alikuwa ameshika mwiko hewani. "Sasa ndiyo umekuwa chizi."

"Dada, weka mwiko. Unganisha miguu, fumba macho."

"Mtori utaungua."

"Fumba tu."

Akafumba. Akasimama na tumbo lake kubwa, imara kama nguzo ya umeme, hatikisiki. Akafumbua jicho moja. "Sasa?"

"Sasa nimejua. Maombi hayaniangushi. Giza ndilo linaniangusha."

Tukaenda kwa mwinjilisti, mimi na fimbo zangu, Naomi nyuma. Tukamkuta anageuza kahawa kwenye kitanda cha kuanikia. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote, pamoja na wimbo. Alisikiliza akiendelea kuchambua punje mbovu.

"Kwa hiyo unaniambia maombi yangu hayana nguvu," akasema.

"Hapana, Mwinjilisti. Nakuambia hata wimbo wa kilabuni una nguvu ileile."

Akacheka hadi akashika kitanda cha kahawa. Kisha akanitazama magoti. "Basi hili halijali dini. Nenda hospitali kesho. Mimi nitaendelea kukuombea, lakini utakuwa umefumbua macho."

Hospitali nilipokelewa na daktari wa kike, kijana, Mchaga kwa matamshi yake. Kabla ya kuniuliza mengi akasema, "Simama hapa. Unganisha miguu. Fumba macho."

Nikamwambia, "Daktari, nitaanguka."

"Najua. Nipo nyuma yako."

Nikaanguka mikononi mwake. Kisha akatoa chuma chenye ncha mbili kama uma, akakigonga kikalia, akakisimika juu ya mfupa wa kifundo cha mguu. "Unasikia kinatetemeka?" Masikio yalisikia kikiimba, wazi kabisa. Mfupa ulikuwa kimya. Akakipandisha gotini, kimya. Nyongani, kitu kwa mbali, kama gari linalopita kijiji cha pili. Akakigusisha kidevuni, meno yote yakaimba. Pale nilitetemeka mimi.

Akaniuliza ninameza nini. Nikamwaga mfuko mezani, vidonge vya asidi na vile vyekundu. Akavitenganisha kwa kalamu.

"Hivi umetumia muda gani?"

"Hivi vya kiungulia? Miaka. Vyekundu, miezi."

"Nyama? Mayai? Maziwa?"

"Hapana."

Akavuta kiti. Alinieleza polepole, na nilimuuliza hadi muuguzi akachungulia mara mbili. Chakula chochote chenye protini, alisema, kikishatumika mwilini huacha kitu kinachoitwa homosisteini. "Kwenu kuna kahawa, sivyo? Na kwetu. Mashine ya kumenya inatoa maganda kila siku, hakuna ubaya, maji yanayabeba. Maji yakikatika, maganda yanalundikana, yanaoza, yananuka mpaka barabarani. Homosisteini ndiyo maganda. Maji ni vitamini, hasa B12 na foliki zikifanya kazi pamoja, na B6 nayo ina mfereji wake pembeni." Ikilundikana kwenye damu, alisema, ni dalili kwamba maji yamekatika mahali, na yenyewe haiitakii mema mishipa ya damu.

"Na miguu yangu?"

"B12 ndiyo inayotunza ganda la mishipa ya fahamu, ile inayopita uti wa mgongo ikipeleka habari za miguu kichwani. Huli vyakula vyake, na kidogo ulichokula tumbo lisilo na asidi halikukifungua vizuri. Habari hazifiki. Ndiyo maana unahitaji macho."

"Mbona zahanati walisema damu ni nzuri?"

Akagusa vidonge vyekundu. "Kwa sababu ya hivi. Foliki peke yake imetengeneza damu ikaficha upungufu wa B12, na mishipa ikaendelea kuharibika. Umepaka rangi ukuta ambao mchwa wako ndani."

Naomi alikuwa amekaa pembeni. Akaweka mkono mdomoni. Daktari akamgeukia: "Mama, vidonge hivi kwako ni sahihi, endelea navyo. Usigawe tu."

Damu yangu ikapelekwa maabara kubwa mjini. Majibu yalirudi kama alivyotabiri, B12 chini sana, homosisteini juu sana. Nikaanza sindano za B12 mara kwa mara, baadaye zikaachana. Foliki ilirudishwa baada ya sindano kutangulia, pamoja na B6 kidogo. Vidonge vya asidi nikaachishwa kwa utaratibu, na nikatibiwa tumbo lenyewe. Nikaanza kujilazimisha maini, mayai na dagaa, nikitafuna nimefunga pua.

"Nitatembea?" nilimuuliza.

"Umekaa na hali hii muda mrefu. Kitakachorudi kitarudi polepole. Kisichorudi hatutakijua mpaka muda mrefu upite." Nilimshukuru kwa kutonidanganya, ingawa siku hiyo nilimchukia.

Nilifikiri kupona ni kama taa kuwashwa. Sivyo. Miguu ilianza kurudi na mambo ya ajabu. Nilikuwa nimekaa juani na soksi safi nikahisi mchanga katikati ya vidole, nikavua, hakuna hata punje. Mchana nimelala nikahisi mkono wa mtu umenishika kifundo, kwa upole, kama anayetaka kuniamsha. Nikafunua blanketi, hakuna kitu. Siku nyingine maji baridi yalinipanda kwenye nyayo kavu. Ilikuwa kama miguu inarudi na habari za mahali ambapo mimi sijafika. Halafu ukaja moto, sindano za moto usiku na mchana, nikalia kama mtoto. Daktari akasema huenda huo ni mshipa unaoamka, akanipa dawa ya kupunguza maumivu.

Katikati ya mateso hayo akaja Side, rafiki yangu wa Kaloleni, na mkoba wenye makopo.

"Kaka, achana na sindano. Hii inasafisha mishipa yote. Moyo, figo, nguvu za kiume, kila kitu."

"Na kiungulia changu?"

"Hicho pia."

Nikachukua kopo nikasoma maandishi ya nyuma. Side akaguna. "Wewe na kusoma. Watu wanakunywa, hawasomi." B12 ilikuwa kidogo mno, B6 nyingi kupita kiasi. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo huua mishipa ya miguu, ileile tuliyokuwa tunaiokoa. Nikamrudishia kopo, nikampa sahani ya maini. Alikula vizuri.

Nilipopimwa tena, homosisteini ilikuwa imeshuka mahali pake. Nilifurahi, daktari akanituliza. Alisema kushusha namba hiyo kwa vidonge tu hakujathibitika kumkinga kila mtu na ugonjwa wa moyo au kiharusi, na anayekuambia hivyo anakuuzia kitu. Kwangu namba ilikuwa moshi unaoonyesha moto ulipo. "Usisherehekee namba," akasema. "Simama, fumba macho."

Nikasimama, nikafumba. Giza likaja, nikalingojea linichukue. Niliyumba mbele, nikayumba nyuma. Na huko chini, mbali, kama watu wawili wanaoshika ngazi gizani, nikazisikia nyayo zangu zimenishika.

Naomi alijifungua salama mtoto wa kike. Ninamshukuru yeye, na mwinjilisti aliyekubali kuwa jambo halikuwa lake, na daktari aliyesimama nyuma yangu. Namshukuru Mungu, macho wazi.

Wewe unayesoma, kama miguu inakufa ganzi, kama ardhi imekuwa laini, kama unashindwa kusimama ukinawa uso umefumba macho, usikubali kuambiwa damu yako ni nzuri ikaishia hapo. Omba wakupime B12. Usijitibu kwa foliki ya mtu mwingine. Kama umemeza dawa za kiungulia miaka mingi, au huli kabisa vitu vya mnyama, mwambie daktari hilo kabla hajakuuliza. Na ukimwona mtu anaanguka kwenye maombi, mwombee, kisha mpeleke hospitali.

Mimi sindano naendelea nayo, na nimegundua kwamba zahanati ziko kila mahali, kwa hiyo nimerudi barabarani. Natembea bila fimbo. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakijarudi, na daktari haamini kitarudi. Kila asubuhi nakitazama kama kina jeraha ambalo hakikuniambia, nakifuta, nakivisha soksi pamoja na wenzake wanaonisikia, na tunaondoka.